Nani hulipia karantini? Udhibiti wa magonjwa ya mifugo na maisha ya wafugaji wa Afrika Mashariki

Nyasi za Vuli (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, kila inapotangazwa kwamba mvua za El Niño zinakuja, mjadala wa homa ya Bonde la Ufa hufufuka, na maswali huwa yaleyale: chanjo ipo, minada ifungwe, nyama inalika? Ni maswali ya msingi. Hata hivyo lipo jingine ambalo silioni likiulizwa, nalo ni nani hulipa gharama ya kuuzuia ugonjwa wenyewe. Naleta uzi huu kwa hoja moja: katika ukanda wetu gharama hiyo imebebwa karibu siku zote na mfugaji pamoja na wale wanaopata riziki kupitia kwake, na kwa kuwa wameachiwa waibebe peke yao, wamejifunza kuficha ugonjwa. Ukishafichwa, hakuna amri ya karantini itakayoufikia kwa wakati.

Mfano nitakaoutumia ni mlipuko wa mwishoni mwa 2006 na nusu ya kwanza ya 2007, kwa sababu uliandikwa vizuri na kwa sababu uliigusa Kenya, Tanzania na Somalia kwa msimu mmoja. Virusi vyake si vigeni hapa. Vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mbu wa mafuriko hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, mayai hayo hukaa miaka mingi yakiwa na virusi ndani yake, na mvua isiyo ya kawaida inapoyajaza mabonde kwa wiki kadhaa, mbu huanguliwa kwa wingi wa kutisha. Kondoo na mbuzi hutupa mimba kundi zima, wachanga hufa ndani ya siku chache, kisha ugonjwa huwafikia watu walioshika damu, waliomzalisha mnyama, waliomchuna au waliokunywa maziwa mabichi. Wengi huugua na kupona kama aliyepatwa na malaria, ila wachache hutokwa damu na kufa. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, Kenya ilirekodi wagonjwa 684 kati ya mwisho wa Novemba 2006 na katikati ya Machi 2007, na Tanzania ilirekodi wagonjwa 264, ambao 109 kati yao walifariki, mkoa wa Dodoma ukiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi.

Baada ya mlipuko huo, watafiti waliwaendea wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania, wakawauliza waliona nini na lini. Simulizi za upande wa Kenya zilipopangwa kwa tarehe, picha iliyotokea haikuwa ya kujivunia. Kutoka mvua kubwa kuanza hadi mbu kujaa zilipita wiki tatu na siku chache. Kutoka mbu kujaa hadi mnyama wa kwanza kuugua zilipita kama wiki mbili na nusu, na kutoka mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza zikapita tena kama wiki mbili na nusu. Huduma ya mifugo ilifika, kwa wastani, takriban miezi miwili baada ya mnyama wa kwanza kuugua. Wafugaji hao walikuwa na jina la ugonjwa katika lugha yao, waliijua dalili ya damu puani, na waliuhusisha na mafuriko na mbu bila kufundishwa na mtu. Yaani wenye taarifa walikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni njia ya taarifa hiyo kupanda juu bila kumdhuru aliyeitoa.

Na hapa ndipo karantini inapoingia. Soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa ya ukanda huu na hupokea ng'ombe hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, lilifungwa. Uchinjaji ulipigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika. Idi ya kuchinja ya mwaka huo iliangukia tarehe 30 na 31 Desemba 2006, ugonjwa ukiwa umepamba moto, na siku chache baadaye shule zilikuwa zinafunguliwa. Anayeijua kalenda ya nyumba ya mfugaji anaelewa maana ya hayo mawili kukutana. Msimu wa Idi ndio wenye bei nzuri ya mabeberu na kondoo kuliko misimu yote, na Januari ndiyo ada inapotakiwa. Watafiti wa uchumi wa mifugo walikadiria baadaye kwamba mlipuko ule uliugharimu uchumi wa Kenya zaidi ya shilingi bilioni 2.1, na wakaonyesha kwamba hasara haikuishia zizini: iliwashukia wachinjaji, wafanyabiashara wa mifugo, wapakizi, wenye bucha, na ilifika hadi Nairobi, ambako walaji waliikimbia nyama nyekundu na kugeukia kuku na samaki.

Sisemi karantini ni ubaya. Nasema ni kodi, na kodi ya namna hii hutozwa yule aliyeripoti. Mfugaji anayemwambia afisa kwamba mbuzi wake wametupa mimba anajua kitakachofuata: mnada utafungwa, jirani zake watajua ni nani aliyeufungisha, na mbuzi wake hawatatibiwa maana tiba haipo. Asiyeripoti huuza mapema usiku, kwa bei ya kutupa, na mnyama anayebeba ugonjwa husafiri umbali ambao asingesafiri kama mnada ungekuwa wazi na unakaguliwa.

Wapo watakaosema kwamba tabia hiyo ni ukaidi. Mimi naiona kuwa ni kumbukumbu. Katika Kenya ya ukoloni, maeneo ya Wamaasai yalikaa chini ya karantini za miaka na miaka kwa sababu ya homa ya mapafu ya ng'ombe, na mifugo ya kaskazini haikuruhusiwa kushuka hadi ipitie viwanja vya kuzuilia kama vile vya Isiolo. Sababu ya kitaalamu ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli. Ila wanahistoria wengi wameonyesha kwamba karantini hizohizo zililinda pia soko la walowezi dhidi ya ng'ombe wa bei nafuu. Mtu aliyerithi simulizi hiyo kutoka kwa babu yake hataliona bango la karantini kama unavyoliona wewe uliyelisoma darasani.

Karibuni tujadili. Naomba tuache siasa za vyama.

Kamba ya Mnada

Mleta uzi, nakushukuru kwa kuileta mada hii kwa utulivu. Mimi ni dalali wa mifugo, na nimewahi kufungiwa mnada kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Naomba niwaonyeshe wasioujua mnada maana ya neno "kufungwa".

Siku ya mnada, ng'ombe mmoja anapouzwa, wanaokula kupitia kwake ni wengi kuliko mnunuzi na muuzaji. Yupo kijana aliyemswaga kutoka kijijini tangu jana yake na hulipwa kwa kichwa. Yupo mwenye kamba, maana ng'ombe huuzwa bila kamba na mnunuzi lazima anunue. Yupo wa kupaka rangi, anayeweka alama ya mnunuzi mgongoni ili makundi yasichanganyike. Wapo wapakizi wanaomsukuma mnyama kwenye lori, na ambao hawana ujira mwingine wowote wiki nzima. Upande wa miti kuna akina mama wa chai, maandazi na nyama choma, na wengi wao mtaji wao ni mkopo wa kikundi unaorejeshwa kila wiki, mnada uwepo au usiwepo. Halmashauri nayo hukosa ushuru wake, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo hufanya minada ifunguliwe kuliko kitu kingine chochote.

Tangazo la karantini lilipobandikwa, hakuna hata mmoja kati ya hao niliowataja aliyeulizwa jambo. Mfugaji angalau anabaki na ng'ombe wake, na soko likifunguka atauza, ingawa ng'ombe atakuwa amekonda. Mpakizi hana cha kuuza baadaye, kwa kuwa siku iliyopita haipakizwi tena.

Kuhusu kuuza usiku, sitakanusha. Ng'ombe walipita. Bei ilikuwa chini sana, na waliofaidi walikuwa wafanyabiashara wakubwa wenye malori na wenye uwezo wa "kuzungumza" njiani. Mfugaji mwenye ng'ombe wanne aliuza mmoja kwa shida ya chakula, kwa bei aliyopangiwa, akashukuru.

Mlaji wa Mjini

Nimewasoma wote wawili kwa makini. Mimi sifugi, nakula tu, na naomba kuuliza swali rahisi. Kwa nini serikali zisilipe fidia? Ikiwa mfugaji ataripoti na akafidiwa, hatakuwa na sababu ya kuficha. Huko Ulaya ndivyo wanavyofanya.

Nyasi za Vuli

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na kwa kiasi fulani nakubaliana nawe. Lakini tunao mfano wa Kiafrika uliolipa fidia, na mafunzo yake hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1995 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia Ngamiland, kaskazini magharibi mwa Botswana, nchi ambayo ilikuwa haijauona ugonjwa huo kwa zaidi ya nusu karne na ambayo uchumi wake wa nyama unategemea kuuza Ulaya. Uzio na karantini viliposhindwa kuuzuia, serikali iliamua kuua ng'ombe wote wa wilaya hiyo, wagonjwa na wazima pamoja. Mwaka 1996 waliuawa takriban 320,000. Wenye ng'ombe walilipwa, wengine kwa fedha, wengine kwa ahadi ya kurudishiwa mifugo, wengine kwa mchanganyiko wa hayo mawili.

Ugonjwa uliisha. Kwa kipimo cha daktari wa mifugo, ni ushindi usio na doa. Lakini baada ya hapo watafiti wa afya waliwapima watoto wa chini ya miaka mitano katika eneo hilo, wakakuta utapiamlo umeongezeka, na sababu haihitaji mtaalamu kuielewa: fidia ilimfikia mwenye ng'ombe, wakati maziwa yalikuwa yakinywewa na watoto wa nyumba nyingi ambazo hazikumiliki ng'ombe hata mmoja. Kule, kama kwetu, upo utaratibu wa mwenye mifugo mingi kumpa ndugu au jirani maskini ng'ombe wa kutunza na kukamua. Daftari la fidia lilimwandika mmiliki. Aliyekuwa akikamua hakuandikwa popote. Waliookolewa soko lao la Ulaya walikuwa wafugaji wa mikoa mingine, ambao ng'ombe wao hawakuguswa.

Kwa hiyo fidia ni lazima, ila si jibu kamili. Inabidi iulizwe kwanza nani alikuwa anakula kutokana na mnyama huyo, na swali hilo linajibiwa vizuri zaidi na mwenyekiti wa kitongoji kuliko na mtu wa wizarani. Tena hapa kwetu karantini nyingi haziui mnyama, hufunga soko tu, na sijaona utaratibu wa kumfidia mtu kwa soko lililofungwa. Ndugu Kamba ya Mnada ameeleza kwa nini hilo ndilo pengo kubwa.

Chanjo Kwanza

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni afisa mifugo wa kata, na naona ni vyema upande wetu nao usikike, maana katika mijadala ya namna hii afisa huwa ndiye adui.

Kwanza, tunafunga soko kwa sababu mara nyingi hatuna zana nyingine siku hiyo. Kwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ukishaanza, kuchanja kunaweza kuuongeza. Chanjo hai ya Smithburn, ambayo ndiyo imetumika Kenya kwa miongo mingi, ni ya bei nafuu na kinga yake hudumu, lakini mnyama mwenye mimba anaweza kuitupa kwa sababu ya chanjo yenyewe, na sindano moja ikipita kwa wanyama wengi bila kubadilishwa, huhamisha virusi kutoka kwa mgonjwa asiyeonyesha dalili kwenda kwa mzima. Hivyo inatakiwa kuchanja kabla ya mvua, mifugo ikiwa haina mimba. Fikirini sasa nikiwa kijijini katika mwaka wa ukame, namwambia mzee achanje mbuzi dhidi ya ugonjwa ambao hajauona kwa miaka minane, kwa chanjo ambayo huenda ikatupa mimba za mbuzi wake wachache waliosalia. Ningekuwa yeye, ningekataa. Na akikataa, chanjo hukaa kwenye jokofu hadi muda wake unaisha, na bajeti ya mwaka unaofuata inakatwa kwa maelezo kwamba "haikutumika".

Pili, kuhusu miezi miwili iliyotajwa na mleta uzi. Afisa mmoja anaweza kuwa na kata tatu na pikipiki isiyo na mafuta, na wakati wa mafuriko barabara zenyewe hazipitiki. Isitoshe, taarifa ninayoitoa lazima ithibitishwe na maabara kabla mtu wa juu hajatia saini. Sampuli ya damu haisafiri kwa mtumbwi bila barafu. Onyo la mapema lilikuwepo mwaka 2006. Wataalamu wanaosoma joto la bahari na uoto kwa satelaiti walitahadharisha wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza. Lakini onyo lilipotoka, hakuna fungu la fedha lililofunguka kwa sababu ya onyo. Fedha hufunguka watu wakishafariki, na naomba niishie hapo kwa jambo hilo.

Hata hivyo nakubali hoja ya msingi. Mfugaji aliyewahi kuadhibiwa kwa kuripoti hawezi kukuamini mara ya pili.

Ndama wa Simanjiro

Mkuu Chanjo Kwanza, maelezo yako yamenyooka, na naomba niongeze upande wa pili wa shilingi, kwa sababu wanaosoma uzi huu wanaweza kudhani sisi wafugaji huikataa kila sindano.

Huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, adui mkubwa wa ndama ni ndigana kali inayoletwa na kupe. Zamani tulitegemea majosho. Majosho yalipokufa, dawa ikawa ya kununua dukani, na kila mtu akanyunyiza kadiri ya mfuko wake, ndama wakaendelea kufa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja chanjo ya ndigana, ile iliyobuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970. Kwa kweli si chanjo ya kawaida: ndama huambukizwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe na papo hapo huchomwa dawa ya kudhibiti, ili augue kidogo na kupata kinga ya maisha. Haikuwa bure wala ya bei ndogo. Tulilipa wenyewe, kwa kuuza mbuzi au beberu mmoja ili kuchanja ndama kadhaa.

Kwa asiyewahi kuiona kazi hiyo, nieleze kidogo. Mchanjaji hufika na mtungi wa naitrojeni ya maji ukifuka moshi mweupe wa baridi. Ndani yake kuna mirija midogo kama ya kalamu, na kila mmoja unatosha ndama kama 40. Ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyohiyo, la sivyo umepotea. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuchanja ndama wake watano peke yake. Boma moja huita maboma mengine, mnapatana siku, vijana wanajenga kibanio cha miti, na mwenye ndama wachache huingia kwenye hesabu ya jirani yake mwenye wengi. Ndama hupimwa uzito kwa utepe kifuani ili kipimo cha dawa kiwe sahihi, huchomwa sindano mbili, kisha huvalishwa hereni. Jioni kila mtu analipa chake, na aliyepungukiwa hukopeshwa hapohapo na ukoo wake.

Hereni hiyo ilianza kuongea mnadani. Wanunuzi, hata wa kutoka ng'ambo ya mpaka, waligundua kwamba ng'ombe mwenye hereni hafi njiani wala hafi akifika kwenye kupe wengi, wakaanza kumwongezea bei. Serikali haikutoa amri. Hakuna aliyefungiwa soko. Ulikuwa udhibiti wa ugonjwa ambao ulimletea mfugaji fedha mkononi, na kwa hiyo aliutafuta mwenyewe.

Siwezi kusema yote yalikuwa mazuri. Vijiji vilivyo mbali na barabara havikufikiwa, kwa sababu mtungi ukikosa naitrojeni kazi imeisha. Asiye na beberu wa kuuza hakuchanja, na tofauti kati ya wenye mifugo na wasio nayo iliongezeka. Na ndama wakipona wote, malisho ni yaleyale au yamepungua kwa mashamba na hifadhi. Hilo nalo ni tokeo la kijamii ambalo wataalamu hawapendi kulitaja kwenye warsha.

Nyasi za Vuli

Mchango wa Ndama wa Simanjiro unanipa nafasi ya kurejea ushindi mkubwa kuliko wote, ambao hatuutumii vya kutosha katika mijadala yetu. Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka hadi nchi za Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, njaa na ndui vikafuata nyuma yake. Ugonjwa huohuo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na maambukizi ya mwisho kuthibitishwa yalikuwa ya nyati katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Chanjo iliyofungua njia ilitengenezwa na daktari wa mifugo Walter Plowright palepale Muguga.

Lakini chanjo hiyo ya mwanzo ilihitaji ubaridi, na kwa miaka mingi haikuyafikia maeneo ya vita na jangwa ambako ugonjwa ulijificha. Kilichobadili mambo ni vitu viwili vilivyokuja pamoja: chanjo inayostahimili joto kwa siku kadhaa bila jokofu, na uamuzi wa kuwapa kazi wafugaji wenyewe. Katika maeneo kama Karamoja (Uganda), Afar (Ethiopia) na Sudan Kusini walichaguliwa vijana na jamii zao, wakafundishwa kuchanja, wakatembea na makundi ya mifugo hadi mahali ambapo gari la daktari halifiki. Wazee walieleza kundi gani liko wapi na ugonjwa umeonekana wapi mara ya mwisho, na hawakuogopa kueleza kwa sababu jibu la taarifa yao lilikuwa chanjo, si kufungiwa njia. Madaktari wa mifugo wengi walipinga utaratibu huo kwa hofu ya taaluma yao kuvamiwa. Nadhani walikosea, ingawa hofu ya dawa kutumiwa ovyo haikuwa ya kupuuzwa.

Linganisheni hilo na yaliyotokea Kenya mwishoni mwa 2024, serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka yao, ambayo ni ugonjwa tofauti na ile ya ng'ombe iliyotokomezwa. Mara moja uvumi ulisambaa kwamba chanjo hiyo imeletwa na matajiri wa nje ili kupunguza gesi ya ng'ombe au kuharibu uzazi wa mifugo. Uvumi huo haukuwa na ukweli. Wengi waliwacheka wafugaji kwa kuuamini. Mimi sikucheka, kwa sababu mtu ambaye kwa vizazi vitatu amemwona mtu wa serikali akija zizini kufunga, kuhesabu au kuzuia, ana haki ya kuuliza safari hii amekuja kufanya nini. Tanzania ilipozindua kampeni yake ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi mkoani Simiyu, Juni 2025, ilikubali kubeba sehemu ya gharama ya chanjo za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Huo ni mwanzo mzuri wa kugawana mzigo. Ila chanjo na hereni zimekuja pamoja, na tayari wapo wanaouliza kama hereni ni ya kuchanja au ni ya kodi. Mwenye jibu la maandishi alitoe mapema, kabla uvumi haujalitoa kwa niaba yake.

Kibuyu cha Maziwa

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nimesoma michango yote na nimeona ng'ombe anahesabiwa kwa bei yake ya mnadani tu. Katika jamii zetu za wafugaji, mauzo ya ng'ombe ni ya mume, lakini maziwa ni ya mama. Ndiyo yanayonunua unga, sabuni na daftari, bila kumwomba mtu. Wakati wa homa ya Bonde la Ufa, tangazo husema watu wasinywe maziwa mabichi, wasishike kitoto kilichotupwa, wasichinje. Ni ushauri sahihi kabisa. Lakini mjini husikika kama "msinunue maziwa", na mama anayepeleka madumu ya maziwa ya ngamia au ya ng'ombe barabarani hurudi nayo yamejaa.

Jambo la pili ni kwamba anayemzalisha mbuzi usiku na anayeondoa mimba iliyotupwa zizini mara nyingi ni mwanamke au mtoto anayechunga. Tangazo la redio humwambia avae glavu. Glavu zinauzwa wapi huko? Daktari Chanjo Kwanza, nisaidie: wakati wa karantini, je, kuna kitu chochote kinachogawiwa kwa wanawake, hata glavu na sabuni tu?

Chanjo Kwanza

Dada Kibuyu cha Maziwa, kwa kata yangu, hapana. Glavu huletwa kwa ajili yetu maafisa na kwa wachinjaji wa machinjio yaliyosajiliwa. Sijawahi kuona fungu la kaya. Ushauri ninaotoa mimi ni mifuko ya plastiki mkononi, kufukia shimo refu, na kuchemsha maziwa hadi yafoke kabla ya kuyatumia au kuyauza. Kuhusu mauzo, maziwa yaliyochemshwa hayana hatari hiyo, na tangazo lingeweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Nitalipeleka kwenye kikao chetu cha wilaya.

Nikirudi kwa mleta uzi, ningependa tujadili jambo la utekelezaji. Karantini hutangazwa kwa mipaka ya utawala, wilaya nzima au kaunti nzima, hata kama wagonjwa wako kwenye bonde moja. Ninyi mngekubali karantini ya namna gani?

Nyasi za Vuli

Ningekubali karantini yenye mipaka ya bonde na njia za mifugo, iliyochorwa pamoja na wazee wanaozijua njia hizo, badala ya mipaka ya ramani ya uchaguzi. Ningetaka itangazwe na tarehe ya kupitiwa upya, kila baada ya wiki mbili, na itaje wazi ni dalili gani zikikosekana itaondolewa, kwa sababu kinachomfanya mtu auze usiku ni kutojua mwisho uko lini. Ningetaka mnada wa nje ya eneo lililofungwa uachwe wazi chini ya ukaguzi, na walio ndani wanunuliwe mifugo mizima kwa bei iliyotangazwa, ichinjwe palepale chini ya usimamizi pale ugonjwa wenyewe unaporuhusu. Kwa homa ya Bonde la Ufa kuchinja ndiko hatari ilipo, kwa hiyo huko ingebidi iwe fedha taslimu au chakula kwa kaya, wakiwemo wapakizi na akina mama wa chai, ambao orodha yao mkusanya ushuru anayo.

Na aliyeripoti wa kwanza asitajwe jina lake katika tangazo lolote, wala kijiji chake kisipewe jina la ugonjwa.

Kamba ya Mnada

Orodha ya mkusanya ushuru ina wapakizi na wenye meza. Vijana wa kuswaga hawamo, kwa sababu hawalipi ushuru. Hao waandikwe na sisi madalali, maana ndio tunaowalipa na tunawajua kwa majina.